Mbio za Chini ya Paa: Vijana wa New York na Riadha ya Majira ya Baridi

Msomaji wa pwani yetu au wa bara, aliyezoea kuona riadha ikifanywa juu ya vumbi la uwanja wa skuli, au katika uwanja mkubwa wa taifa ulio wazi kwa jua na mvua, huenda akaona ajabu kusikia kwamba katika mji wa New York, toka mwezi wa Desemba hadi Machi, wakati theluji imefunika bustani na upepo wa mto Hudson unakata masikio, maelfu ya vijana wa skuli hukimbia, huruka na hutupa tufe ndani ya majumba, chini ya taa za umeme, mbele ya wazazi, walimu na waamuzi. Na ajabu yake itazidi akiambiwa kwamba desturi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na kwamba imepita katika mikono ya majenerali, walimu, wanasheria, matabibu na wauza duka. Katika kuisimulia tarikhi yake nashika imani moja ambayo sitaki kuificha toka mwanzo: mashindano ya vijana hupimwa kwanza kwa wingi wa majina yaliyoandikwa katika daftari la kuingia, ndipo zije hesabu za sekunde na futi, kwa kuwa rekodi ni mtoto na wingi ndio mzazi wake.

Riadha ya ndani ya nyumba haikuanzishwa kwa ajili ya watoto. Mwaka 1863, katika ukumbi wa Ashburnham mjini London, palifanywa michezo iliyokuwa na mbio nne na shindano la kuruka hatua tatu. Na miaka mitano baadaye, mwezi wa Novemba 1868, klabu ya New York Athletic Club, iliyoasisiwa mwaka huohuo, ilifanya michezo yake ya kwanza katika jumba la kutelezea barafu, Manhattan. Walioshiriki walikuwa watu wazima, wenye wasaa na nafasi ya kucheza, na nia yao ilikuwa kuupitisha msimu wa baridi bila ya miili yao kulala. Mtoto wa fundi cherehani au wa mchukuzi wa bandarini hakuwa na njia ya kuingia katika jumba lile, illa labda kwa kuchungulia mlangoni.

Aliyeufungua mlango alikuwa Luther Gulick, tabibu na mwalimu wa mazoezi ya mwili, mtu ambaye fikra za majira ya baridi zilikuwa zimemshughulisha kwa muda mrefu. Ndiye yeye aliyekuwa mkuu wa idara katika chuo cha Springfield, Massachusetts, mwaka 1891, alipomtaka mwalimu aliyekuwa chini yake, James Naismith, abuni mchezo utakaoweza kuchezwa ndani ya ukumbi wakati viwanja vimeganda. Na Naismith akatundika vikapu viwili ukutani, na kwa amri ile ulimwengu ukapata mpira wa kikapu. Gulick alipohamia New York na kukabidhiwa usimamizi wa mazoezi ya mwili katika skuli za serikali za mji huo, alikuta jambo kubwa zaidi ya ukosefu wa mchezo mmoja. Meli zilikuwa zikishusha kila wiki jamaa wapya kutoka Italia, Urusi, Ireland na Hungary. Familia zilibanana katika vyumba vya orofa zisizo na hewa. Na watoto, kwa kukosa kiwanja, walichezea barabarani katikati ya magari ya farasi, hata wakakamatwa na polisi kwa kosa la kucheza. Gulick aliungana na Jenerali George Wingate, aliyepigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe na aliyekuwa na sauti katika mambo ya elimu ya mji, pamoja na James E. Sullivan, katibu wa chama kilichotawala riadha ya ridhaa nchini Marekani, na mwaka 1903 wakaasisi Public Schools Athletic League, jumuiya ya riadha ya skuli za serikali, ambayo hata leo ndiyo inayosimamia michezo ya wanafunzi wa mji huo.

Shindano la kwanza la jumuiya hiyo lilifanywa tarehe 26 Desemba 1903, siku ya pili ya Krismasi, ndani ya Madison Square Garden, na wavulana zaidi ya elfu moja waliingia kushindana. Naomba msomaji aitulie tarakimu hiyo. Katika zama ambapo shindano la watu wazima lilihesabiwa kuwa kubwa likipata washindani mia chache, jumba lililozoea maonyesho ya farasi na ndondi lilijaa vijana waliokuwa hawajapata kamwe kuvaa namba kifuani; wengi wao walizungumza Kiyidi au Kiitaliano nyumbani, na Kiingereza walikipata skuli. Walioandaa walitambua kwamba umri peke yake hausemi kweli, kwa sababu mtoto aliyelishwa vyema na mtoto aliyekua katika njaa huweza kuzaliwa mwaka mmoja na wasiwe na miili sawa. Basi wavulana wa skuli za msingi wakagawanywa kwa uzito, ratili 80, ratili 95, ratili 115, na daraja lisilo na mpaka, ili kila mmoja akutane na mwenzake wa kufanana naye. Kwangu mimi hiyo ni adili ya hali ya juu, na imetangulia kwa miaka mingi hotuba nyingi zilizotolewa baadaye juu ya haki katika michezo.

Lakini Gulick hakuridhika na wavulana elfu moja, kwa kuwa alijua kwamba nyuma ya kila mmoja aliyekuja kulikuwa na makumi waliobaki majumbani kwa kujiona dhaifu, wanene, au wenye mbio hafifu. Kwa ajili ya hao alitunga mashindano ya madarasa, ambayo naamini ni katika fikra bora kabisa zilizopata kuingia katika riadha ya vijana. Sharti lake lilikuwa kwamba darasa zima hushindana na darasa jingine, na matokeo huhesabiwa kwa wastani: urefu wa kuruka kwa kila mvulana, bila ya kukimbilia kwanza, hujumlishwa na kugawanywa kwa idadi yao, na kadhalika idadi ya mara alizojivuta juu kwenye chuma, na kadhalika mbio; na darasa halikubaliwi kuingia katika hesabu mpaka asilimia 80 ya wavulana wake wawe wameshiriki. Waama, sharti hilo liligeuza mambo ndani ya darasa. Mvulana mwepesi, aliyezoea kusifiwa peke yake, aliona kwamba kuruka kwake mbali hakutafaa kitu kama jirani yake mzito harushi mguu. Kwa hivyo akalazimika kumfundisha, kumngoja na kumtia moyo, na inchi mbili alizoongeza yule mzito zikawa na thamani ileile katika mizani ya wastani kama inchi mbili za bingwa. Fauka ya hayo ikatolewa beji ya shaba na ya fedha, ambayo kila mvulana aliweza kuipata kwa kutimiza kiwango kilichowekwa katika mbio, kuruka na kujivuta, pasipo kumshinda mtu yeyote.

Kwa wasichana mambo yalikwenda njia nyingine, na hapa siwezi kuwasifu waasisi kwa moyo mmoja. Tawi la wasichana liliundwa mwaka 1905, na mwalimu wake mashuhuri, Elizabeth Burchenal, akakusanya ngoma za jadi za mataifa ya Ulaya na kuzifundisha skulini, hata wasichana wakacheza kwa maelfu katika bustani za mji wakati wa kiangazi. Palikuwa na fadhila katika hayo, kwa kuwa ngoma humchukua kila mtu na haimwachi nje mwenye mbio ndogo. Illa wasichana walikatazwa kushindana skuli kwa skuli na mmoja kwa mmoja, kwa hoja kwamba ushindani wa hadharani ungeharibu haya yao na afya yao. Hivyo wavulana wakapewa wingi na kiwango pamoja, na wasichana wakapewa wingi peke yake, na karibu miaka sabini ikapita kabla ya mtu kuja kuirekebisha dhulma hiyo kwa vitendo.

Sasa inafaa kulizungumza jumba. Baada ya machafuko makubwa ya wafanyakazi wa reli mwaka 1877, miji ya Marekani iliingiwa na hofu, na kwa muda wa miongo iliyofuata ikajenga majumba makubwa ya kuhifadhi silaha na kuwafunzia askari wa akiba, majengo yenye sura ya ngome, na ndani yake kumbi pana za kufanyia gwaride, zisizo na nguzo katikati. Moja katika majumba hayo lilikamilishwa mwaka 1911 katika Fort Washington Avenue, kwenye Mtaa wa 168, kaskazini mwa Manhattan, kwa ajili ya Kikosi cha 22 cha wahandisi. Ukumbi wake ulijengwa ili mamia ya askari waweze kupiga mguu pamoja. Na kabla Vita Kuu ya Kwanza haijapamba moto, watu walikwisha tambua kwamba mahali panapomtosha askari kugeuka kwa safu panamtosha pia mwanariadha kuzunguka. Wanariadha waliliita Armory tu, kama kwamba hapakuwa na ghala jingine la silaha duniani, na kwa vizazi vitatu au zaidi jina hilo lilimaanisha, kwa kijana wa Bronx, Harlem, Brooklyn au Queens, jumamosi za baridi na mbio za skuli.

Sakafu ilikuwa ya mbao, bapa, isiyoinuliwa pembeni, na yenye utelezi. Asiyepata kukimbia ndani ya nyumba hawezi kukisia kwa urahisi taabu ya jambo hilo. Katika uwanja wa nje mzunguko mmoja una mita 400, na pembe zake ni pana, mkimbiaji huinama kidogo tu. Ndani ya nyumba mzunguko ni nusu ya hiyo au pungufu, pembe huja kila baada ya sekunde chache, na mwili wenye kasi hutaka kuendelea mbele wakati njia inapinda kushoto, kwa hiyo mguu wa kulia hubeba mzigo usio wake na kifundo cha mguu wa kushoto hulalamika usiku. Anayetaka kumpita mwenzake katika pembe hulipa kwa hatua za ziada. Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza kuingia katika pembe hupiganiwa kwa viwiko, na kijana mwoga hujifunza hima ama kuwa shujaa ama kuwa na akili. Hewa nayo ni kavu, na baada ya mbio ya maili au ya yadi 1,000 ukumbi mzima husikia kikohozi cha vijana waliojiinamia magotini, kikohozi ambacho kila mkimbiaji wa ndani anakijua na ambacho huisha chenyewe siku ya pili. Kwa upande mwingine, hakuna upepo wa kumsukuma mtu wala wa kumzuia, na watazamaji wako karibu hata mkimbiaji anaweza kumtambua mamaye kwa sauti. Na ukaribu huo, nadhani, ndio uliowafanya wengi warudi.

Mkuki, kisahani na nyundo hazina nafasi chini ya paa. Tufe lilibaki, likavishwa ganda laini lisiloharibu sakafu, na kuruka juu, kuruka chini, kuruka kwa upondo na kuruka viunzi kukabaki pia. Lakini pambo la siku lilikuwa mbio za kupokezana vijiti, kwa sababu humo skuli nzima husimama nyuma ya vijana wanne, na skuli maskini isiyo na bingwa hata mmoja yaweza kwa mpango mzuri kuishinda skuli tajiri yenye bingwa na wavivu watatu. Bidii ile ya Gulick ya kuhesabu wastani iliendelea kuishi ndani ya kijiti.

Juu ya Armory, kwa hadhi, lilisimama jumba la Madison Square Garden, ambalo limejengwa upya mara kadhaa katika tarikhi yake. Wafanyakazi wa duka kubwa la Wanamaker walianzisha mwaka 1908 michezo yao iliyoitwa Millrose, wakaihamishia Garden mwaka 1914, na humo ikakaa hadi 2011. Njia yake ilikuwa ya mbao zilizounganishwa vipande kwa vipande na kufungwa upya kila msimu, fupi kiasi kwamba maili moja ilihitaji mizunguko kumi na mmoja, na miguu ya wakimbiaji ilinguruma juu yake. Waandalizi walikuwa na busara ya kuziweka mbio za skuli katika usiku uleule wa mabingwa. Kijana aliyekimbia jumamosi iliyopita juu ya sakafu ya gwaride aliweza wiki hii kukimbia mbele ya umati uliokuja kuwatazama wakubwa, na baadaye akakaa jukwaani kumwona Mtanzania au Muairishi akipita mahali alipopita yeye. Nasema Mtanzania kwa kuwa mwaka 1981, mjini New York, Suleiman Nyambui, mtoto wa kando ya ziwa Nyanza, aliyetoka Moscow mwaka uliotangulia na medali ya fedha ya Olimpiki, alikimbia mita 5,000 ndani ya nyumba kwa dakika 13 na sekunde 20.4, wakati bora kuliko wote uliopata kuandikwa duniani chini ya paa. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko El Paso, Texas, na kwetu habari hiyo haikupata sauti iliyostahili.

Wasichana, nao, walipata mtetezi wao. Fred Thompson alikuwa mwanasheria wa Brooklyn aliyetumia jioni zake kuwafundisha wasichana mbio katika klabu yake, Atoms, na mmoja wa wanafunzi wake, Cheryl Toussaint, alirudi kutoka Olimpiki ya Munich ya 1972 na medali ya fedha ya kupokezana vijiti. Mwaka huohuo sheria ya nchi ilizikataza skuli zinazopokea fedha za serikali kuu kuwabagua wasichana, na mwaka 1974 Thompson akaanzisha michezo ya wasichana peke yao, ambayo kampuni ya Colgate iliigharimia na kuipa jina lake. Mpango wake ulitofautiana na wa mashindano mengine, kwa kuwa haukumtaka msichana aje siku moja, ashinde au ashindwe, kisha aende zake; alirudi raundi baada ya raundi katika ukumbi wa chuo cha Pratt, Brooklyn, akikusanya pointi, na wenye pointi nyingi ndio waliofika nusu fainali na fainali, ambazo zilifanywa Madison Square Garden. Mlango ulikuwa wazi kwa mtoto wa skuli ya msingi kama ulivyokuwa wazi kwa msichana wa chuo kikuu, kiingilio hakikuwapo, na zawadi ya washindi ilikuwa msaada wa ada ya masomo. Msichana mdogo aliyekuja na viatu vya mpira vya kuchezea alipanga mstari katika jumba moja na wanawake waliokuwa njiani kwenda Olimpiki. Toussaint mwenyewe baadaye alishika usimamizi wa michezo hiyo, na kwa hivyo amana ikabaki mikononi mwa aliyeijua toka upande wa mkimbiaji.

Wakati Thompson akijenga Brooklyn, jumba la Mtaa wa 168 lilikuwa likianguka. Mji wa New York ulikaribia kufilisika mwaka 1975, fedha za matengenezo zikakatwa, na mbao za sakafu zikapasuka hata wakimbiaji walioanguka wakaondoka na vibanzi vya mti mapajani. Kisha, mwaka 1981, mji ulikubali mbele ya mahakama wajibu wa kumpa hifadhi kila mwanamume asiye na makao, na katika kutafuta nafasi ya upesi ukayageukia maghala ya silaha. Ukumbi wa gwaride ukapangwa vitanda safu kwa safu, ukalaza mamia ya watu, na riadha ikatoka. Wako waliolalamika kwamba vijana wameporwa uwanja wao. Mimi sioni kwamba kijana mwenye afya ana haki ya kumtoa mtu aliyelala kwenye theluji. Lakini hata waliokuwa wakihifadhiwa humo hawakupata makao ya kibinadamu, kwa kuwa ukumbi mmoja usio na kuta za kutenganisha, wenye wagonjwa, wazee na wenye akili zilizoshituka pamoja, hauwezi kuitwa nyumba. Na vizazi vya vijana wa miaka ya 80 wa kaskazini mwa Manhattan walikua bila ya kujua kwamba ndani ya ngome ile palipata kuwa na mbio.

Aliyelirudisha jumba alikuwa tena tabibu. Dakta Norbert Sander, aliyekimbia humo alipokuwa mwanafunzi wa skuli, na aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1974, zama ambapo marathoni hiyo ilikuwa bado ikizunguka ndani ya Central Park tu, alishikilia neno moja kwa miaka: kwamba wasio na makao wahamishiwe mahali padogo panapowafaa, na ukumbi urudi kwa watoto. Alizunguka kwa wakuu wa mji na wa jimbo na kwa wenye fedha, akakataliwa na akarudi tena, hata mwaka 1993 ukumbi ukafunguliwa ukiwa na njia mpya ya mita 200, yenye sakafu ya mpira na pembe zilizoinuliwa, huku sehemu nyingine ya jengo ikiendelea kuwahifadhi watu wachache zaidi. Pembe iliyoinuliwa ni rehema kubwa, maana humruhusu mkimbiaji kuchukua kasi yake kamili katika kona pasipo kupigana na uzito wake mwenyewe. Na matokeo yalionekana hima. Sander alifariki mwaka 2017, na sijui jengo lingine la riadha duniani ambalo laweza kusemwa kwa haki hivyo kuwa ni kazi ya mtu mmoja.

Tarehe 20 Januari 2001, kijana wa Virginia aitwaye Alan Webb, akiwa na miaka 18, alikimbia maili moja katika njia hiyo kwa dakika 3 na sekunde 59.86. Wanafunzi wa sekondari watatu wa Marekani walikuwa wamepata kushuka chini ya dakika nne, Jim Ryun, Tim Danielson na Marty Liquori, wote kati ya 1964 na 1967 na wote nje. Ndani ya nyumba hakuna aliyewahi. Miaka kumi na miwili baadaye, katika ukumbi uleule, ikaanguka rekodi kongwe zaidi. Gerry Lindgren, kijana mwembamba kutoka Spokane, alikuwa ameweka mwaka 1964 dakika 8 na sekunde 40.0 katika maili mbili ndani ya nyumba, na kwa miaka 49 wanafunzi wote wa nchi ile kubwa walishindwa kuigusa. Aliyeivunja mwaka 2013, kwa dakika 8 na sekunde 39.15, alikuwa Edward Cheserek, mzaliwa wa Kenya, aliyechukuliwa kijana kwenda kusoma St. Benedict's Prep, skuli ya watawa mjini Newark, ng'ambo ya mto. Alikuwa amekulia kwenye mwinuko wa Bonde la Ufa, asikopata kuona mbio za ndani. Na baridi ya New Jersey ndiyo iliyompeleka kwenye paa. Baadaye chuoni Oregon alishinda mataji 17 ya vyuo vikuu vya Marekani.

Habari za namna hiyo ndizo zinazoandikwa magazetini, na ni haki zao. Illa mtu akikaa Armory tangu asubuhi ya shindano la kawaida la skuli, ataona kwamba bingwa huchukua dakika nne za siku na waliobaki huchukua saa kumi: raundi baada ya raundi ya mita 55 au 60, kisha 300, kisha 600, vijana wanane wanane wakipanga mstari, wakikimbia, wakikohoa, na kutazama ubao wa matokeo ili kujua kama wamepunguza nusu sekunde ya wiki iliyopita. Humo ndimo alimotoka kila bingwa. Athing Mu wa Trenton, binti wa wazazi waliotoka Sudan, aliyeweka mwaka 2019 rekodi ya Marekani ya mita 600 ndani ya nyumba kwa dakika 1 na sekunde 23.57 katika ukumbi wa Staten Island, akiwa na miaka 16 na akiwashinda watu wazima, alianza kama mtoto wa klabu ya mtaani, mmoja katika wengi wa raundi za asubuhi.

Katika miaka ya karibu mashindano ya taifa ya sekondari, yaliyokaa Armory kwa muda mrefu, yameongeza daraja la pili kwa vijana waliokaribia kiwango bila ya kukifikia, na daraja jingine la wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wako makocha wanaonung'unika kwamba kwa kufanya hivyo jina la taifa linashushwa thamani, na kwamba waandalizi wanatafuta ada, maana kila jina linaloingia hulipiwa. Nawaelewa katika neno la ada, kwa kuwa familia inayolipa safari, chumba cha hoteli na kiingilio cha kila mchezo si familia ya kila mtu, na daraja linalofunguliwa kwa mwenye fedha peke yake halijafunguliwa. Lakini katika neno la thamani siwaungi mkono hata kidogo. Kijana wa mwaka wa kwanza aliyepimwa ukumbini akiwa wa thelathini na moja huja tena mwaka wa pili akiwa wa kumi na tano. Yule aliyeambiwa angoje hadi awe hodari aghalabu hupata jambo jingine la kufanya wakati wa kungoja.

Mwezi wa Machi 2020 maradhi ya korona yaliyafuta mashindano ya taifa muda mfupi kabla hayajafanyika, na Januari 2021 ukumbi ukageuzwa kituo cha chanjo, wazee wakipita pale ambapo vijana walikuwa wakikimbia. Na wakazi wa mtaa, wengi wao wenye asili ya Jamhuri ya Dominika, wakalalamika kwa haki kwamba waliopata nafasi za mwanzo walitoka mbali, hata utaratibu ukabadilishwa ili wao watangulizwe. Riadha iliporudi, mashindano ya taifa yalikuwa yamegawanyika baina ya kampuni mbili za viatu, moja ikayapeleka yake Boston katika ukumbi wake mpya, nayo nyingine ikayafanya yake New York. Skuli za mji hazikuhama. Jumuiya ya 1903 huendelea kuleta Mtaa wa 168 wavulana wake na wasichana wake, na sasa wote wawili hupigiwa bastola ileile ya kuanzia.